Kwa Nini Insulini Hainywewi

Mzazi wa mtoto mwenye kisukari akishaoneshwa sindano, swali lake huwa moja: "Sista, mbona babu yake anameza vidonge?" Nasi wauguzi, foleni ikiwa mlangoni, hujibu "huyu ni sindano tu" na kumwita mwingine. Twaona jibu hilo ni la hatari. Mama asiyepewa sababu ataitafuta kwingine, na huko ataambiwa ipo dawa ya kunywa.

Sababu yenyewe si ngumu. Insulini ni protini, kama iliyomo katika maharage na dagaa. Ni minyororo miwili iliyofungwa pamoja, mmoja wa vipande 21 na mwingine wa vipande 30, na kila kipande ni asidi amino. Tumbo halijui kwamba hii ni dawa. Kimeng'enya kiitwacho pepsini huanza kuikata. Ikifika utumbo mwembamba, tripsini na kimotripsini humaliza kazi. Hivi viwili hutoka kwenye kongosho, kiungo kile kile ambacho kwa mtoto huyu kimeshindwa kutoa insulini. Kukata bado kinaweza! Basi kinachoingia katika damu ni chakula tu.

Wataalamu wamejaribu kuvizuia vimeng'enya. Katika semaglutidi, dawa ya kisukari cha watu wazima, walibadili kipande mahali pa kukatwa, wakaupachika mnyororo tawi la mafuta. Homoni ya asili huharibika kwa dakika chache. Hii hudumu siku nyingi. Mwaka 2019 vidonge vyake viliruhusiwa Marekani, lakini humezwa tumbo likiwa tupu, na kiasi kinachoingia katika damu ni kama asilimia 1 au pungufu. Tena haichukui nafasi ya insulini. Mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza akiachishwa sindano, damu hujaa tindikali, na aweza kufa kwa siku chache.

Na vidonge vya babu? Metformini si protini, hivyo vimeng'enya hivyo havina cha kukata. Hupunguza sukari itokayo kwenye ini, na babu bado ana insulini yake kidogo. Wauguzi wenzetu, maelezo haya ni ya dakika tano. Tuyatoe kabla mama hajafunga mtoto mgongoni.