KOMPYUTA: TUSOME TUKIWA KAZINI

Ndugu Wafanyakazi,

Siku hizi kila nikikaa na wenzangu kunywa chai ya saa nne nasikia neno moja. Mmoja asema, "Mwaka huu naacha reli, naenda kusomea kompyuta." Mwingine asema yuko kijana wa kwao anayefunga mitandao katika maofisi ya Nairobi, wala hapakwi grisi wala hanyeshewi na mvua. Kisha wote hunyamaza, na kila mtu huhesabu miaka yake kimoyomoyo.

Mimi siwacheki, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi. Ilikaa mfukoni mwangu siku kumi na moja. Leo nataka kuwaeleza kwa nini sikuipeleka, na kwa nini hata hivyo bado nasoma kompyuta kila juma.

Nina umri wa miaka 36. Nilisoma shule ya msingi ya misheni mpaka darasa la nane, kisha karo ya sekondari ikakosekana. Nikaingia reli nikiwa kibarua wa njia, kazi yangu kubeba mataruma na kukaza bolti. Baadaye nikahamishiwa kwa mafundi wa simu na ishara, nikawa mtu wa kuchimba mitaro na kuvuta nyaya. Sasa nimetimiza miaka 12 kazini. Nina mke na watoto watatu. Najua wengi wenu mna habari kama hii hii.

BARUA ILIYOBAKI MFUKONI

Barua ile niliiandika kwa hofu. Wakubwa walileta mitambo mipya. Sisi wanne tuliokuwa tukikagua nyaya kwa miguu tukaambiwa kwamba tangu sasa nyaya zikikatika, mtu aliye ofisini ataona kwenye kioo cha kompyuta ni mahali gani. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini pia hakuna aliyetuita akatueleza mwaka ujao tutafanya nini. Mtu asipoelezwa hujieleza mwenyewe, naye hujieleza mabaya.

Mzee wetu wa gengi, aliyebakisha miaka miwili astaafu, aliiona ile bahasha. Akaniuliza, "Kijana, nani amekufukuza?" Nikasema, "Hakuna, Mzee." Akasema, "Basi mbona wajifukuza mwenyewe?"

Akanipeleka kwa katibu wetu wa tawi, nami nikasomewa sheria. Ndugu zangu, isikilizeni vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema hivi: mwajiri akiona kazi imepungua na ataka kupunguza watu, ni lazima aarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi ya watu. Tena ni lazima amlipe mtu mshahara usiopungua siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Kwangu mimi mwenye miaka 12 hizo ni siku 180, yaani kama mshahara wa nusu mwaka. Lakini nikijiondoa mwenyewe kwa barua yangu, malipo hayo hayanihusu. Ningalitoka na mkono mtupu kwa hiari yangu, na mwajiri angalinishukuru.

Ndipo nikaichana ile barua. Neno la kwanza ninalotaka mlishike ni hilo: usijifukuze.

CHUO KISICHO NA MWALIMU

Baada ya hapo nikataka kusoma jioni. Nikaona tangazo la chuo kimoja mjini, ghorofa ya tatu, picha ya kijana mwenye tai. Nikalipa shilingi 18,000 nilizoziweka kwa mwaka mzima. Miezi miwili tulifundishwa kuandika barua kwa kompyuta na kubadilisha rangi ya herufi. Nilipouliza kuhusu mitandao, nikaambiwa mwalimu yuko njiani. Mwezi wa tatu tukakuta mlango una kufuli.

Sitaji chuo hicho, na mimi pia nilikosa, maana sikuuliza kabla ya kutoa fedha. Ninyi ulizeni. Je, chuo kimesajiliwa na serikali? Mtihani wa mwisho watolewa na nani? Je, mko na swichi na ruta na nyaya ambazo nitazishika kwa mikono yangu, au mna picha ubaoni tu? Asiyekuonyesha mtambo leo hatakuonyesha kesho.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Watu wengi hudhani kazi ya mtandao wa kompyuta ni uchawi wa watu waliosoma sana. Sivyo. Mtu wa reli aweza kuielewa upesi kuliko karani, nami nitajaribu kuwaonyesha.

Unapotuma picha kwa simu, picha hiyo haiendi nzima. Hukatwa vipande vidogo, kama shehena inayogawanywa katika mabehewa. Kila kipande huandikwa nambari ya mahali kinakotoka na mahali kinakokwenda. Katika namna inayotumika sana, nambari hiyo ina sehemu nne, na kila sehemu ni kati ya 0 na 255. Njiani kuna chombo kiitwacho ruta. Kazi yake ni ile ya yadi masta: husoma nambari ya behewa na kuliingiza katika njia inayofaa. Vipande vyaweza kupita njia mbalimbali, na huko mwisho hupangwa tena picha ikawa nzima. Kipande kikipotea, huombwa kingine.

Tena kuna jambo lililonifanya nicheke peke yangu usiku. Wazee wetu wajua tokeni: dereva asiyekuwa na tokeni mkononi haingii katika njia moja, ili magari mawili yasigongane. Mwaka 1985 kampuni ya IBM ilianza kuuza mtandao wa kompyuta uliofuata kanuni iyo hiyo, nao uliitwa Token Ring. Kompyuta isiyo na tokeni haikusema. Hakika dunia ya kompyuta ilipita kwenye mlango ambao sisi tulikuwa tumekwisha kuupita.

Na sehemu kubwa ya kazi hii ni ya mikono. Waya wa kawaida wa mtandao una nyaya ndogo 8, jozi 4, kila moja na rangi yake, na ukizipanga vibaya hakuna kitu kitakachopita. Waya huo haufai kuzidi mita 100. Zaidi ya hapo tumia chombo cha kuupa nguvu au tumia faiba. Mtaro ni lazima uwe na kina cha kutosha, na kila kiungo kiandikwe mahali kilipo. Mambo hayo tumeyafanya miaka mingi bila kuitwa watu wa teknolojia.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Mwaka 2009 nyaya za kwanza za faiba zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa hiyo hiyo, nazo zikapanda bara kama reli ilivyopanda. Mitaro hiyo haikujichimba yenyewe.

MPANGO WANGU

Mpango wangu si mkubwa, lakini ni wa mtu mwenye watoto.

Kwanza, nabaki kazini na kulipa ada yangu ya chama.

Pili, natafuta cheti kwa kazi niijuayo tayari. Mtihani wa serikali wa ufundi, unaosimamiwa na NITA, huanza daraja la tatu na kupanda mpaka la kwanza. Mimi nimeanza na ufundi wa nyaya za umeme, maana hapo hupimwa kwa kile mkono wangu unachoweza kufanya.

Tatu, nasoma mitandao. Kampuni ya Cisco ina masomo ya mwanzo ambayo mtu husoma bure kwa intaneti, na mtihani wake uitwao CCNA haumwulizi mtu kama alifika sekondari. Lakini nisiwadanganye. Mtihani huo ni wa saa mbili, hauna Kiswahili, gharama yake ni dola 300, na cheti chake hudumu miaka mitatu tu, kisha ni lazima ukihuishe. Dola moja ikiwa shilingi 130, hizo ni shilingi 39,000. Nikiweka shilingi 1,500 kila mwezi, zitanichukua miezi 26. Muda huo ndio wa kusomea. Anayekuambia utakuwa fundi kwa majuma sita ataka fedha zako.

Kiingereza ndicho kinachonichosha zaidi. Kila jioni nina kamusi upande wa kushoto. Mtoto wangu wa kwanza, aliye sekondari, hunisomea nikikwama, nami siono haya. Baba kusomeshwa na mwanawe si aibu. Aibu ni kujifanya umeelewa.

FAYAMANI NA DIZELI

Wako wenzetu wasemao kompyuta ni adui, na chama kingeipinga tu. Nawajibu kwa habari ya reli yenyewe. Nendeni katika jumba la makumbusho ya reli, Nairobi, mkaone injini nambari 5918, iitwayo Mount Gelai. Injini za jamii hiyo zilikuwa 34, zikajengwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950, kila moja na uzito wa tani 250 hivi. Injini kama hiyo ilitaka dereva, na ilitaka fayamani wa kutunza moto na mvuke. Ilipofika mwaka 1980, dizeli zilikuwa zimezisukuma zote kando. Moto haukuwa na kazi tena.

Je, kuipinga dizeli kungaliurudisha mvuke? La. Lakini kazi ya fayamani ilipokwisha, fayamani mwenyewe hakuwa amekwisha. Alizijua njia, aliujua mlima, alijua mahali pa breki. Swali lililofaa kuulizwa siku ile, na lifaalo leo, ni moja: mtambo mpya ukija, nani atafundishwa kwanza? Mtu aliyekuwapo, au mgeni aliyeletwa pamoja na mtambo?

CHAMA KIFANYE NINI?

Hapa sasa nasema na viongozi wetu, kwa heshima.

Kila mwajiri katika Kenya hutakiwa na sheria kulipa ushuru wa mafunzo shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Kwa mwaka ni shilingi 600 kwa kichwa kimoja. Mwajiri anayewafundisha watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa aweza kuomba kurudishiwa gharama kutoka mfuko huo. Basi fedha za mafunzo zipo, nazo hutolewa kwa majina yetu. Wangapi kati yetu wamepata kufundishwa hata siku moja kwa fedha hizo? Katibu aulize, atuletee jibu kwenye mkutano.

Katika mapatano yajayo nataka mambo matatu yaandikwe. Moja, mtambo mpya ukikusudiwa, chama kiarifiwe kabla haujanunuliwa. Mbili, waliokuwa wakifanya kazi hiyo wafundishwe kwanza, kwa saa za kazi na kwa mshahara kamili. Tatu, anayesoma jioni asipangiwe zamu ya usiku siku za darasa lake.

Na sisi tulio tawini tusingoje. Chumba cha chama hakina mtu Jumamosi mchana. Tukichanga, tutapata swichi moja kuukuu na waya wa mita chache. Tukae kumi, tufundishane kwa Kiswahili, anayejua Kiingereza awasomee wengine. Wenzetu wenye miaka 50 wasiachwe nje; wao wajua palipozikwa kila waya, na hakuna kompyuta ijuayo hayo wasipoiambia.

Neno la mwisho. Ndugu yangu mmoja huvuta faiba mitaani. Hulipwa kwa nyumba, si kwa mwezi. Mvua ikinyesha juma zima, hapati kitu. Hupanda nguzo bila mkanda, na akianguka hakuna wa kumwuliza. Msidhani basi kwamba huko tuendako ni peponi kwa kuwa kuna vioo na viyoyozi. Kazi ni mpya, lakini taabu za kibarua ni zile zile tulizozijua njiani. Siku nitakapovuka, kama nitavuka, sitaki kuvuka na cheti peke yake. Nitachukua na kadi ya chama, niwaonyeshe wale vijana wa nguzoni ni kitu gani.

Mpaka siku hiyo, nipo. Jumamosi hii, saa nane mchana, nitakuwa chumba cha chama na waya wangu na koleo. Anayetaka kujifunza kupanga zile rangi nane na aje.

Wenu katika kazi,
Mvuta Nyaya