Kabla ya Lami, Udongo Upimwe

Barabara ya lami iliyojengwa juu ya udongo wa mbuga haiuawi na malori peke yake. Kiangazi nacho kinaiua. Udongo huo mweusi uliotanda mabondeni Shinyanga na Kishapu huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mvua zikiisha, katikati ya barabara, chini ya lami, unyevu hubaki. Pembeni jua hukamua kila kitu. Ndiyo maana ufa wa kwanza huonekana karibu na bega, sambamba na barabara. Msimu unaofuata maji yanapita humo humo, tabaka la chini linalegea, na lori lenye shehena ya pamba au mpunga linamalizia kazi. Baada ya hapo ni viraka, kisha viraka juu ya viraka, na lawama zote anabebeshwa mkandarasi.

Mkandarasi ana makosa yake, lakini tusimtwike na yasiyo yake. Udongo huu unajulikana. Mkulima wa Kisukuma anatofautisha luseni, udongo wa kichanga wa mteremkoni, na mbuga ya bondeni bila kuhitaji maabara. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, alieleza tangu miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Hata mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unashughulikia udongo korofi wa aina hii.

Tatizo ni kwamba tiba zinazojulikana zinataka nafasi: mabega mapana yaliyozibwa, mitaro iliyosogezwa mbali, miti isiyopandwa karibu. Porini zinawezekana. Mtaani Kahama, mtaro umebanwa kati ya lami na kibaraza cha duka, bomba la maji linavuja chini, na mti wa kivuli ndio kijiwe cha bodaboda. Barabara ya mjini juu ya mbuga inahitaji utafiti wake yenyewe, tena si ule wa kuchimba mashimo mawili ya sampuli wiki moja kabla ya zabuni. Mtaa mmoja tu unaweza kuanzia kwenye luseni ukaishia kwenye mbuga.

Geita kuna swali jingine. Tangu mgodi wa dhahabu wa GGML uanze uzalishaji mwaka 2000, mawe taka yake, magwangala, yamerundikana yakawa vilima. Wachimbaji wadogo wameyapigania kwa ajili ya chembe za dhahabu zilizobaki. Sisi tunayaulizia kama jiwe: yakisagwa, yanafaa kuwa kokoto ya barabara? Kwenye tambarare za mbuga jiwe zuri haliko karibu kila mahali, na kulisafirisha kunakula fedha nyingi.

Jibu lisitolewe kwa macho. Miamba ya dhahabu mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali na chumvi. Afrika Kusini wameshaumizwa na jambo hili: mawe taka ya migodi ya Witwatersrand yaliwekwa barabarani, chumvi zikapanda na kuinua lami nyembamba. Kwa hiyo kila rundo lipimwe, nguvu ya jiwe na kemia yake. Marudio, yale mabaki yaliyosagwa na kupitishwa kwenye zebaki au sayanaidi, yasikaribie mtaa wowote. Hapo hatuoni cha kujadili.

Fedha za kuyapima haya yote zipo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni kuandaa mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kahama, Geita na Shinyanga zimo pia kwenye TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kutoka mafungu hayo kila mji upate mita mia chache za majaribio: kipande cha mawe ya kupanga kama mitaa ya vilimani Mwanza, kipande cha magwangala yaliyofaulu maabara, na kipande cha ujenzi uliozoeleka. Vifuatiliwe kwa misimu mitatu ya mvua, kwa sababu mmoja hautoshi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, isimamie, chuo kikuu kipime, na matokeo yabandikwe halmashauri, mabaya yakiwemo. Majaribio ya namna hii yalishafanyika kwenye barabara ya vijijini ya Bago hadi Talawanda, Bagamoyo. Kanda ya Ziwa inastahili yake.

Na lipo moja lisilohitaji maabara wala mkopo. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Zabuni ikitangazwa baada ya hapo, mkandarasi anafika kazini Septemba au Oktoba, udongo ukiwa umekauka na kupasuka kuliko wakati wowote. Anaushindilia hivyo hivyo na kuufunika. Mvua za Novemba zinauvimbisha chini ya lami mpya. Halmashauri zikamilishe taratibu za manunuzi mapema, ili tuta lijengwe Mei na Juni, udongo ukiwa bado na unyevu wake.