Waonyesheni Watoto Mlichokuwa Mkichezea

Wazazi wenzangu, nanyi babu, bibi, shangazi na wajomba mnaolea: likizo hii ya Juni kaeni chini na watoto, mtengeneze pamoja kitu mlichokuwa mkichezea utotoni. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni iwe siku ya kucheza duniani kote. Ombi langu linaanzia uani kwako.

Watoto wetu wameshasikia mengi kuhusu utoto wetu. Wanajua tulikwenda shule peku, tulichota maji alfajiri, tulichapwa kwa kuchelewa. Tunawasimulia hayo kila wanapozembea. Mara chache mno tunawaambia kwamba tulifurahi. Mtoto anaweza kukua akidhani mama yake hakuwahi kucheka hadi machozi yamtoke kwa sababu ya mpira wa matambara. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Wengi wetu hatuna sanduku la kufungua. Gari la waya lilishika kutu, mwanasesere wa gunzi alinyauka, chandimu ilifumuka katikati ya mechi. Lakini ufundi wake bado tunao. Tafuta waya wa kuanikia nguo uliochakaa na plaizi, vidole vitakumbuka vyenyewe. Anza na fremu, kisha ekseli mbili. Magurudumu yakate kwenye soli za kandambili zilizokwisha, au tumia makopo ya dawa ya viatu. Halafu waya mrefu kutoka ekseli ya mbele hadi usawa wa kifua cha mtoto, uishie kwenye duara la usukani, ili aendeshe akiwa wima huku akikimbia nyuma ya gari lake. Kazi iko kwenye ekseli hiyo ya mbele: ikibana, gari halikati kona, ikilegea, linayumba. Usimkunjie wewe. Mwache akosee, anyooshe waya, akunje upya. Wewe hakikisha tu ncha zote zimekunjwa kwa ndani, maana zinachoma vibaya. Na binti naye apewe plaizi, kama vile kaka yake anavyoweza kumsuka mwanasesere nywele za hindi bichi na kumfunga kipande cha kanga.

Chandimu imebadilika kidogo. Sisi tulikusanya mifuko ya plastiki tukaizungushia kamba. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na ni heri, kwa mitaro yetu na kwa mifugo iliyokuwa ikiimeza. Soksi kuukuu zilizojazwa matambara na sponji zinatosha. Huko migombani, majani makavu hayajawahi kuadimika. Tiara nayo haihitaji duka: gazeti, njiti mbili za ufagio wa chelewa, uji mzito wa ngano wa kugandishia, mkia wa kitambaa, na upepo. Manati naomba tuiache. Imeumiza macho ya watoto, na ndege hawakutukosea lolote.

Wapo waliobahatika kuhifadhi. Pengine una bao la babu ukutani, lenye mashimo yake 32, na kete 64 za komwe ndani ya kopo. Lishushe. Likichubuka kwa kuchezewa, ndiyo kazi lililochongewa. Kama una kigari cha bati au mdoli wa dukani wa enzi zako, mpe mtoto aliyekwisha kupata akili ya kutotia vitu mdomoni, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na rangi inayobabuka ni sumu kwa mtoto mchanga. Gololi na kete vilevile zikae mbali na wadogo wa chini ya miaka mitatu, zinakaba koo.

Nawasihi pia tusiugeuze mchezo kuwa darasa. Tukianza na "enzi zetu hatukuwa na simu", tumeshampoteza. Cheza tu, na ucheze kweli: mfunge magoli, mle kete zake, gombea zamu yako. Akiamua gari lako la waya liwe trekta au gari la wagonjwa, ni lake sasa.

Halafu tutoke nje ya geti. Gari la waya linataka njia isiyo na bodaboda, na tiara inataka mahali pasipo nyaya za umeme. Kwenye mkutano ujao wa mtaa, simama umuulize mwenyekiti viwanja vya wazi vya mtaa wenu viko wapi, na kama vipo kwenye ramani ya mipango miji. Mwombeni kimoja kwa ajili ya asubuhi ya tarehe 11. Kila nyumba ije na kitu kimoja ilichotengeneza, na wazee waje na mabao yao. Asiye na mtoto nyumbani naye aje; mtaani wapo watoto wengi ambao babu zao wako mbali na wanatafuta mtu wa kuwafundisha kucheza bao.