NIONAVYO: Ukitaka kuifuata timu ugenini, anza na tairi na siti, ekzosi baadaye

MASHABIKI wakiona pikipiki ya spoti imeegeshwa nje ya uwanja, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Kaka, hii inakimbia ngapi?" Nimeulizwa kwa Mkapa, nimeulizwa Jamhuri pale Morogoro, nimeulizwa hadi Sokoine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama inafika.

Leo naandika kuhusu kufika. Najua wengi mmefungua ukurasa huu kutafuta habari za usajili, mnivumilie. Kila msimu nawaona barabarani vijana wanaozifuata timu zao mikoani kwa pikipiki kubwa za mtumba. Ni mapenzi ya kweli hayo. Tatizo ni kwamba hela ya kuzirekebisha inaanzia kwenye mlio na taa, halafu inaisha kabla haijafika kwenye tairi na siti. Mpangilio huo unatuumiza, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Yangu ni ya Kijapani, cc 600, silinda nne, ya mwaka 2004. Niliinunua misimu miwili iliyopita kwa hela niliyodunduliza, nikijiambia sasa nimeachana na kugombania siti kwenye basi kila nikipangiwa mechi ya mkoani. Wiki ya pili nikaelekea Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam.

Nilipofika Chalinze viganja vilishaanza kuwaka moto. Morogoro shingo ikakaza. Mikumi naendesha huku nakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto kama mtu anayefanyiwa mazoezi ya viungo. Iringa nilishindwa kushuka, mlinzi wa kituo cha mafuta akanishikia pikipiki ndipo nikaurusha mguu. Mechi ya kesho yake niliiandika kwa vidole viwili, kwa sababu vingine vilikuwa na ganzi.

Hayo ni maumivu tu, unaweza kuyacheka. Siku ya kurudi ndiyo sikucheka. Nashuka mlima Kitonga, uzito wote wa mwili umelalia mikononi, mbele yangu kuna lori linateremka taratibu. Nikataka kushika breki ya mbele, vidole vikachelewa. Nilisimama, lakini nilisimama karibu kiasi cha kusoma maandishi madogo kwenye bamba la nyuma la lori lile. Mama aliponiuliza safari ilikuwaje nilimwambia nzuri tu.

Tuelewane hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Pikipiki ya spoti haina kosa, ila imetengenezwa kwa kazi nyingine. Mbio za MotoGP huchukua kama dakika 40 hivi, basi, mtu anashuka. Mkao ule wa kuinama, usukani chini na magoti yamekunjwa, unafaa mtu anapokwenda kasi sana, kwa sababu upepo unampiga kifuani na kumbeba. Kwa mwendo wetu wa 80, kati ya matuta, malori na trafiki, upepo haukubebi. Uzito unaobaki unabebwa na viganja. Ni sawa na kumchukua winga mwenye kasi ukamwambia akabe dakika 90. Atakaba kwa muda, mwisho atakuangusha.

Ndiyo maana napingana na wanaosema siti nzuri na usukani wa juu ni mambo ya wazee. Mtu aliyechoka anaona tuta kwa kuchelewa, anashika breki kwa kuchelewa. Barabarani starehe ni sehemu ya usalama.

Sasa, fundi wangu ni mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Nilimpelekea orodha yangu: ekzosi, taa za rangi, stika. Akaisoma, akanirudishia. "Mdogo wangu, golikipa wako yuko wapi?" Akanipangia kikosi upya, kuanzia nyuma kwenda mbele.

Golikipa ni tairi. Pikipiki ya mtumba inaweza kuja na tairi lenye kashata nzuri kabisa, kumbe mpira umezeeka na kukakamaa. Angalia ubavuni, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2309, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, na hata likiwa linang'aa halikufai. Kijana mmoja wa tawi letu alikuwa na tairi la namna hiyo nyuma. Ekzosi yake ilikuwa gumzo mtaa mzima, na kwa bei yake angepata tairi, siti na chenji ya mafuta. Tairi lilipasuka usiku tukitoka ugenini. Yuko hai, tunashukuru. Ana vyuma mguuni na mechi za mbali sasa anaziangalia kwenye televisheni.

Kwa safari ndefu usinunue tairi laini la mbio, linaisha katikati upesi kwa sababu barabara yetu imenyooka. Yapo ya safari, magumu katikati na laini pembeni. Na kwa kuwa mengi hayana mpira wa ndani, beba vizibo vya pancha na pampu ndogo.

Mabeki ni cheni, breki na oili. Cheni ikishaliwa, badilisha pamoja na meno yake yote mawili, la mbele na la nyuma. Safarini ipake mafuta walau kila kilomita 500. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, hivyo kwa mtumba usiyejua historia yake mwaga yote uweke mapya. Oili iwe ya pikipiki, kopo limeandikwa JASO MA. Oili nyingine za magari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, kisha utamlaumu fundi bure. Maji ya rejeta nayo badilisha, usiongeze tu.

Kiungo mkabaji ni umeme. Hapa mimi niliumbuka. Safari ya pili pikipiki ilizimika kabla ya Makambako, betri imekauka kabisa, jua linazama. Nililala nyumba ya wageni nikaisikiliza mechi redioni, mimi niliyetumwa kuiandika. Chanzo kilikuwa kile kidude kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri, mafundi wanakiita regyuleta. Kinapata joto sana, na kwenye pikipiki ya umri ule plagi ya nyaya zake ilikuwa imeungua.

Kipimo chake ni cha dakika tano. Weka mita kwenye betri, washa injini, ipandishe mizunguko kidogo. Mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, betri haichajiwi, na safari yako ina saa chache tu. Ikivuka 15, betri inachemshwa. Yangu ilikuwa inasoma 12.4 na mimi naendelea kupiga picha nayo. Fundi aliweka regyuleta mpya isiyopata joto sana, akakata plagi iliyoungua na kuunga nyaya upya, akaihamishia sehemu inayopata upepo. Tangu siku hiyo sijasukuma.

Baada ya hapo ndipo tukaja kwenye starehe.

Usukani tuliupandisha kama inchi tatu na kuuvuta nyuma kidogo. Kuna mtego hapo. Ukiupandisha, nyaya za mafuta na klachi pamoja na mipira ya breki vinaweza kuwa vifupi. Kabla hujaondoka, washa injini, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Mlio ukipanda wenyewe, au mpira wa breki ukikaza, rudi gereji. Na usukubali mtu akuunganishie usukani kwa kuchomelea vyuma vya mabaki. Nunua uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Siti nilimpelekea fundi makochi. Alitoa sponji ya zamani, akaweka ngumu chini na laini nyembamba juu, akaisawazisha ili nisiteleze kwenda kwenye tangi kila nikishika breki. Siti laini sana inadanganya. Ukiikalia dukani utaipenda, baada ya saa mbili utakuwa unakalia bati.

Vikanyagio tulivishusha kidogo, magoti yakapumua. Ukilala sana kwenye kona vitagusa lami, ila mimi siendi kwenye mbio. Kioo cha mbele tuliweka kirefu zaidi, upepo ukaacha kunisukuma kifua. Usikipandishe kupita kiasi, upepo utaanza kukugonga kwenye helmeti na kichwa kitauma njia nzima.

Meno ya cheni ya mbele tuliongeza moja, kutoka 16 hadi 17. Kwa mwendo ule ule injini inazunguka pungufu kwa karibu asilimia sita, mtetemo unapungua. Lakini angalizo: pikipiki nyingi hupima mwendo kutoka kwenye meno hayo. Ukibadilisha, mshale utasoma chini ya mwendo wako halisi. Trafiki hatapokea maelezo hayo.

Mizigo nimeigawa kwenye mabegi mawili ya pembeni, mbali na ekzosi. Kilicho kizito kinakaa chini na karibu na mimi. Ukirundika kilo 20 juu ya mkia, pikipiki inainua pua, breki ya mbele inapoteza nguvu na taa inamulika miti. Kaza springi ya shokapu ya nyuma ukibeba mzigo, kisha rekebisha taa.

Na mafuta. Tangi langu ni lita 18, kwa uendeshaji wangu linanitoa kama kilomita 300. Mimi najaza kila 200. Sababu yenyewe si hofu ya kuishiwa. Ni kwamba kila kituo nakilazimisha kiwe mapumziko: nashuka, natembea, nakunywa maji, naigusa cheni na kuangalia tairi. Ruaha Mbuyuni nakula, nikifika Iringa nalala. Usiku siendeshi. Pale Mikumi wanyama wanakatiza barabara, na ukimgonga mmoja utalipa faini kama bado una uwezo wa kulipa.

Wapo wanaoniambia nimeiharibu pikipiki nzuri. Wananitazama kama kocha aliyemweka mshambuliaji nyota acheze beki ya pembeni. Nawaelewa, haivutii kama zamani. Ila sijawahi kuona picha ya pikipiki iliyofika Mbeya peke yake.

Wengine wanasema, si ungenunua tu pikipiki ya safari iliyotengenezwa hivyo kiwandani? Kweli kabisa, kama una hela hiyo nunua, usipoteze muda na ushauri wangu. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na hii, na nimeirekebisha kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Nakiri pia ina mipaka. Iko chini, haipendi barabara ya vumbi wala makorongo. Mechi ikiwa katikati ya wiki na natakiwa kurudi usiku, napanda basi kama binadamu wengine.

Ninachoomba kwa matawi ni kitu kimoja. Tukisafiri, tunakusanya michango ya jezi, mabango na ngoma wiki nzima. Tutenge Jumamosi moja kabla ya safari, pikipiki zote zije sehemu moja, fundi mmoja azikague: mwaka wa tairi, cheni, breki, volti za betri. Isiyofaa ibaki, mwenye nayo apande basi na tumchangie nauli. Haitamfurahisha mtu siku hiyo. Yule mwenzetu mwenye vyuma mguuni ameshakubali kusimamia zoezi tukilianzisha, na sidhani kama kuna atakayebishana naye.

Timu itacheza hata usipokuwepo. Itafunga, itafungwa, wiki ijayo itacheza tena. Wewe unatakiwa uwepo na wiki hiyo.

Basi msimu ukianza, ukinikuta Msamvu nanyoosha miguu, njoo tusalimiane. Sitakuuliza yako inakimbia ngapi. Nitainama niangalie tairi lako ni la mwaka gani.