Kijivu Kimetuchosha, Pakeni Rangi ya Siagi



Leo nina ugomvi na kijivu. Kila biharusi anayeniita nikapime mapazia Sinza, iwe Kumekucha, Mori au Palestina, namkuta kapaka ukuta rangi ya simenti. Simenti tuliyohangaika kuifunika, tunalipa pesa tuirudishe! Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Ndiyo ya kisasa, dada." Kaiona kwenye simu, kwenye majumba ya Dubai.

Shosti, jumba la Dubai lina dirisha ukuta mzima. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja wa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vidogo, na tangu hapo wenye nyumba wameongeza vyumba uani mpaka kuta zinakaribia kugusana. Chumba unachoanzia ndoa kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Kijivu kinaumeza huo mwanga kidogo. Saa nane mchana umewasha taa, na Luku inakwenda.

Rangi ya siagi inaurudisha mwanga chumbani. Siyo manjano ya dumu la maji, wala ya limau ambayo chini ya taa nyeupe inageuka kijani. Nasema ile laini, yenye joto, kama siagi iliyoanza kulainika.

Wanaoipinga wanasema ni rangi ya ofisi ya kata. Kweli, ofisi na madarasa mengi yamepakwa krimu juu na rangi nzito chini. Lakini kinachokera pale ni alama za viganja na miaka bila kupakwa upya. Krimu haina kosa. Na kijivu mbona hamkiiti rangi ya gereji?

Halafu angalieni ajabu hii. Tunamsinga mwari kwa manjano na liwa ngozi iwake, kisha tunamkalisha kwenye kuta zinazomfanya aonekane kapauka kama hajapaka mafuta. Ukuta hutupa rangi yake usoni mwa mtu. Ngozi zetu hizi za maji ya kunde zinapenda ukuta wa joto.

Kwenye Suratul Baqara, ng'ombe walioamrishwa Bani Israil kumchinja ametajwa kuwa wa manjano, mwenye kuwapendeza wamtazamao. Sisemi aya ilishuka kwa ajili ya kuta zetu, msije mkanitolea fatwa. Nawaambia tu wanaoita manjano ushamba watafute hoja nyingine.

Linalogusa dini hasa ni israfu. Nilimshonea mapazia binti aliyetoa sehemu ya mahari yake kupiga skimu na kijivu kwenye nyumba ya kupanga. Mahari ni haki yake, sina neno. Lakini haukupita mwaka kodi ikapanda, akahama, kuta zake nzuri akamwachia mwenye nyumba. Vyumba vingi vya kupanga tayari vina krimu au nyeupe. Mikono miwili ya siagi inatosha, na chumba cha mita tatu kwa tatu makopo mawili ya lita 4 hayaishi.

Hapa sasa niwe mkali kwa upande wangu pia. Rangi za mafuta zenye manjano kali ndizo zinazoongoza kukutwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama, na kikomo kinachopendekezwa kwenye rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Biharusi wa leo kesho ni mjamzito, na mtoto anatambaa akilamba kila kilichobanduka ukutani. Kwa hiyo nunua rangi ya maji, kopo lisomeke kuwa halina risasi, na fundi asikwangue rangi ya zamani kavu kavu ukiwa humo ndani.

Kabla ya kununua zote, paka kipande kidogo, ukitazame saa nne asubuhi na tena baada ya Isha. Weka na taa yenye mwanga wa njano, hizi nyeupe za dukani zinafanya chumba kama wodi. Na bwana akishikilia kijivu, mwachie mlango wa stoo.