Mbabula Chumbani: Tusimtafute Mchawi



Mvua zikishika, baridi ya Bukavu hutuingia mifupani. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za Kadutu na Bagira zimepanda mlimani juu zaidi. Chakula kikiisha kuiva jioni, makaa yaliyobaki yanaonekana kuwa mali isiyofaa kupotezwa. Ndipo mbabula inapobebwa hadi chumba cha kulala. Mlango unafungwa kwa kuogopa wezi, ufa wa dirisha unazibwa kwa kitambaa, na watu wanalala. Pengine katika chumba hicho yumo mama aliyejifungua juzi, pamoja na kitoto chake.

Tuliwahi kuketi katika matanga ya ndugu wawili waliolala hivyo wasiamke. Kabla maiti hazijatolewa nyumbani, minong'ono ilikwisha kumwelekea mama yao wa kambo. Wengine walitaja karuho, ile sumu inayosemwa sana kwetu. Wengine walitaja uchawi. Mbabula ilikuwa bado pembeni mwa chumba, imejaa majivu, wala hakuna aliyeitazama. Sisi tuliosoma, tena tuliofunzwa ualimu, tulinyamaza. Mama yule alihama mtaa kabla mwezi haujaisha. Kimya chetu cha siku ile kinatuuma hadi leo, na ndicho kinachotusukuma kuandika.

Tuseme basi lile tulilopaswa kusema. Makaa yanapoungua hutoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni, na hewa safi ikipungua chumbani, sumu hiyo huzidi. Haina rangi wala harufu. Wengi hudhani kwamba makaa yakiisha kutoa moshi na kuwa mekundu hayadhuru tena. Kumbe ndiyo yanayotudanganya zaidi. Hewa hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa pumzi ingawa kifua kinapanda na kushuka. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa miguu. Mtu hudhani ni malaria, hulala apumzike, na usingizi humchukua moja kwa moja.

Ndugu zetu wa Goma wana neno mazuku. Ni hewa nyingine, kaboni dayoksaidi, itokayo katika ardhi ya volkano na kutuama mabondeni, ambako huua wanyama na watu. Lakini kwa kuwa ina jina, wazazi huwaonya watoto wasikaribie mahali pake. Hewa ya mbabula tunaitengeneza wenyewe ndani ya nyumba, nasi hatujaipa jina. Jambo lisilo na jina ni rahisi kulibandika jina la jirani.

Wala si balaa la maskini peke yao. Mwandishi Mfaransa Émile Zola alikufa Paris mwaka 1902, baada ya kulala katika chumba chenye moto ambao dohani yake ilikuwa imeziba. Mkewe aliyekuwa pamoja naye alipona. Hata huko watu walishuku kwamba aliuawa. Kwa hiyo nyumba zetu za zamani zenye dohani nazo zikaguliwe kabla ya kuwashwa moto, na jenereta isiwekwe kamwe ndani ya nyumba wala chini ya dirisha.

Mtatuambia: blanketi ni moja, na watoto wanatetemeka. Ni kweli, na hatuwezi kuwahubiria watu baridi. Lakini chumba kinaweza kupashwa joto jioni, mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho. Kisha, kabla ya kulala, mbabula itolewe nje, mbali na mlango. Kuyafunika makaa kwa majivu hakutoshi, wala sufuria ya maji pembeni haisaidii. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, nao wakipata nafuu wakitoka nje, hiyo ni alama. Fungueni milango, watoeni wote uani, na aliyezidiwa apelekwe haraka penye oksijeni. Msipoteze muda kwa kumnywesha maziwa.

Katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, aya ya 20, Papa Fransisko aliutaja moshi wa kupikia na kuota moto miongoni mwa mambo yanayowadhuru watu. Basi usalama wa chumba cha kulala nao ni sehemu ya kutunza uhai. Na amri isemayo tusimshuhudie jirani uongo inatugusa pale matangani, wakati minong'ono inapoanza.

Twawaomba vijana wa Xaveri, Kiro na Skauti mwanze na nyumba zenu usiku huu. Kisha mpite katika shirika, hasa kwa wazee wanaoishi peke yao na kwa akina mama waliojifungua. Anayekosa blanketi, shirika limtafutie. Na siku mtakapokuta msiba wa namna hii, na vidole vikaanza kumnyooshea mjane au mama wa kambo, msinyamaze kama sisi tulivyonyamaza. Ulizeni kwa upole: mbabula ililala wapi?