Gegedu la Goti na Makao Yake ya Maji

Mfupa uliovunjika huunga, na ngozi iliyokatwa hufunga kovu. Lakini gegedu, yaani kile kifuniko laini cheupe kilicho kwenye ncha za mifupa ndani ya goti, likishachimbika halirudi kama lilivyokuwa. Jambo hilo aliliandika daktari William Hunter, aliyefanya kazi London, tangu mwaka 1743. Sababu yake ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu, na chembe hai zake ni chache. Sehemu yake kubwa ni maji yaliyoshikwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni.

Wataalamu walijaribu kuzikuza chembe hizo nje ya mwili. Juu ya sahani ya maabara ziliongezeka, lakini zilitandaa na kuacha kazi yake. Mwaka 1982 watafiti Benya na Shaffer wa Marekani walionyesha kwamba chembe hizo zikitiwa ndani ya jeli itokanayo na mwani, hurudia umbo la mviringo na kuanza tena kutengeneza gegedu. Ikadhihirika kuwa chembe hutaka makao yafananayo na kwao.

Jeli ya namna hiyo ni mfano wa uji mzito uliopoa: umejaa maji, nao umeshika umbo. Ile ya mwani wa rangi ya kahawia huganda ikikutana na kalsiamu. Ile ya kolajeni hupendwa na chembe, ila ni dhaifu kubeba uzito mwanzoni.

Mwaka 2012 serikali ya Japani iliruhusu tiba ya kolajeni. Kipande kidogo cha gegedu hutolewa katika goti la mgonjwa mwenyewe, chembe zake hukuzwa ndani ya jeli kwa muda wa wiki nne hivi, kisha daktari mpasuaji huziba shimo. Iliporuhusiwa, ilikusudiwa majeraha makubwa, si magoti yaliyolika kwa uzee.

Kwa hiyo wenye nyumba wasidanganyike: jeli hiyo haipakwi wala hainywewi. Kijana aliyeumia goti uwanjani apelekwe hospitali mapema, badala ya kukandwa tu na kurudishwa mchezoni. Na mzee mwenye maumivu apunguze uzito uliozidi, aendelee kutembea kwa kiasi. Gegedu lililopo ni rahisi kulitunza kuliko kulitengeneza jipya.